Kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons (2024): kinafaa kununua?

Wadau, sisi tunacheza hii gemu ya mezani (kila mtu anaigiza shujaa wake, dadu ndo zinaamua) pale Nyegezi wikiendi, kitabu kimoja kinazunguka meza nzima, na mimi nasema kinafaa, tena sana. Anayetoka kwenye sheria za zamani ndo ataona tofauti vizuri, maana lile toleo la pili la 1989 namba ya kinga (ugumu wa kukupiga) ikishuka ndo uko salama zaidi, na kila ukitaka kupiga lazima ufanye hesabu ya kutoa kwanza, mtu mgeni unampoteza hapohapo. Toleo la tatu la 2000 likageuza: rusha dadu ya pande 20, jumlisha bonasi zako, ukifikia kinga ya adui umempata, basi. La 2014 likaleta ile ya kurusha dadu mbili ukiwa na nafasi nzuri unachukua kubwa, hii naipenda mpaka leo.

Sasa hili la 2024 utamu uko kwa wapiganaji aisee, zamani wachawi ndo walikuwa wanafaidi wengine mnapiga tu mnakaa, saivi kila silaha ina mbinu yake, mkuki ukimpata adui basi shambulio lake linalofuata anarusha dadu mbili anachukua ndogo, shoka kubwa nalo linaweza kumfikia na wa pili aliye jirani. Dawa ya kuponya unakunywa na bado unapiga kwenye zamu hiyohiyo.

Kurasa 384, bei na usafiri mpaka Mwanza vinauma, so anzeni na zile sheria za msingi za bure mtandaoni (SRD 5.2), mbinu za silaha zimo.