Eti kihisi nimekiunguza mwenyewe!

Bado nina hasira, mnivumilie. Nafuga kuku huku Nkuhungu, na baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba mnaijua: usiku vifaranga wanarundikana kwenye chungu cha mkaa mpaka wanakanyagana. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, nikaamua kuunda kipimajoto cha banda mwenyewe.

Bodi yenyewe, Arduino Uno, ile kompyuta ndogo ya kuundia vifaa, sina neno nayo. Programu iliingia mara ya kwanza tu. Kilichonitesa ni kihisi cha joto, DS18B20, kile cha waya tatu. Kabla sijalipa nilimuuliza kijana wa dukani kama kuna kitu kingine cha kununua. Hakuinua hata macho kwenye simu. “Chomeka tu, mama.”

Nikachomeka. Joto likasoma -127. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, -127. Siku hizo nahangaika na waya, mkaa unapoa, vifaranga saba wakanifia.

Nikakirudisha. Alikigeuza mara moja, akakirusha mezani: “Umekiunguza mwenyewe. Hivi vitu si vya kina mama, mwambie mwanao akusaidie.” Mbele ya wateja! Nilitoka natetemeka, nimeapa kuwatangaza kwamba wanauza feki.

Sasa siwezi kusema hivyo. Kijana wa jirani anayesoma UDOM alikuja, akatazama, akauliza, “Mama, shikamoo, rezista iko wapi, kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme?” Kumbe kihisi hiki kinajua kushusha tu volti ya waya wa data, kuipandisha hakiwezi. Lazima rezista ya kilo-omu 4.7 ikae kati ya data na chanya, la sivyo bodi haisikii kitu, na hiyo -127 ni programu inasema haijaona kihisi. Tukang'oa moja kwenye redio mbovu, ile yenye mistari ya njano, zambarau, nyekundu.

31.44! Nikakifumbata kiganjani, namba zikapanda. Machozi yalinitoka.

Basi kihisi ni kizima, kinunueni. Hata duka, niseme haki, lina vitu ambavyo vinginevyo tungesubiri mzigo wa basi kutoka Dar, na bei si mbaya. Pengine nitarudi. Lakini nikikumbuka lile neno la “kina mama”, hapana, sirudi. Rezista haifiki hata bei ya soda, na boksi lake lilikuwa pale nyuma ya kiti chake, nililiona kwa macho yangu.