Ujazo wa kwilti ulioandikwa "pamba tupu": uzoefu wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Ujazo ni lile tabaka laini linalolala ndani ya kwilti (blanketi la viraka), kati ya kitambaa cha juu na bitana. Anayetaka kujua upana, uzito na rangi zilizopo akasome kwenye pakiti, huko wamejisifu vya kutosha. Mimi nina nyuzi nyeupe zinazochomoza kwenye kwilti nyeusi, na nina jibu la muuzaji ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inachemka.

Kwilti yenyewe ni nyeusi na buluu iliyokolea, pembetatu ndogondogo zilizonila macho kwa miezi. Ni zawadi ya harusi ya mdogo wangu. Na kwa sababu ni ya giza, kabla sijalipa niliuliza kama wana ujazo mweusi. Upo duniani ujazo mweusi, umetengenezwa kwa ajili ya kazi za namna hii, wala si kitu cha ajabu. Wakanijibu kwamba hawana, ila nisiwe na wasiwasi: huu ni pamba tupu, na pamba haichomozi juu ya kitambaa. Jibu hilo bado ninalo kwenye simu.

Nilitaka pamba kwa sababu zangu. Pamba hunywea kidogo ikifuliwa, asilimia 3 mpaka 5 hivi, na huko kunywea ndiko kunakoipa kwilti vile vikunyanzi vya kizamani ninavyovipenda. Poliesta, yaani nyuzi za plastiki, hainywei, inabaki imetuna vilevile. Pamba inalala, haiteleziteleza katikati ya bitana na kitambaa cha juu, na inavumilia pasi ya moto. Sufu nayo nzuri, ina joto bila uzito na haikai na alama za mikunjo, ila nondo wanaipenda kuliko sisi. Kwa hiyo pamba.

Sasa niseme haki: siku ya kwanza nilifurahi. Niliufungua nikautandaza kitandani ulale usiku kucha, maana ujazo ukitoka kwenye pakiti huwa umejikunja na ukiushona hivyohivyo utajuta. Asubuhi nikauinua dirishani kuutazama kwenye mwanga. Hakuna sehemu nyembamba, hakuna madonge, unene mmoja kutoka pindo hadi pindo. Nikasema hapa nimepata. Mikunjo miwili ikagoma kutoka, nikaweka kitambaa juu nikapiga pasi kwa moto wa pamba. Kona moja ikakakamaa na kung'aa. Nikajua ni kile kiwavu cha plastiki ambacho viwanda vingi hukiweka katikati ili nyuzi zisitawanyike, hata kwenye ujazo wa pamba. Kiwavu ndicho kinachokuruhusu kuachanisha mistari ya mishono hadi sentimita 20 au zaidi. Ujazo usio na kiwavu wala gundi unataka mishono ya karibu, vinginevyo ukifuliwa unajikusanya upande mmoja. Nikaikata ile kona, nikaendelea.

Kitu kimoja kilinikera mapema. Ujazo ulioshikanishwa kwa sindano za kiwandani una uso na mgongo. Upande zilikoingilia sindano una vishimo vidogo na ni laini. Upande zilikotokea una vinundu. Uso unakaa juu, ili sindano yako ipite njia ileile, la sivyo unazisukuma nyuzi zitoke. Pakiti haisemi neno kuhusu hilo. Haisemi umbali wa mishono. Haisemi moto wa pasi. Ina picha ya mwanamke anayetabasamu. Stearns & Foster wa Cincinnati, Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1846, walifika mahali wakawa wanachapa michoro ya kwilti kwenye karatasi za kufungia ujazo wao wa Mountain Mist, na watu wakazitunza karatasi zenyewe. Hawa wa kwangu wameshindwa hata mshale wa "juu".

Basi nikautafuta uso mwenyewe kwa vidole, nikapiga bandi, nikabana na pini kila upana wa kiganja, nikashona. Cherehani ilikwenda vizuri sana. Nikamaliza pindo, nikafua kwa maji baridi, nikaanika.

Ilipokauka ikawa imeota ndevu.

Mwanzoni zilikuwa kwenye matundu ya sindano tu, kinyuzi hapa, kinyuzi pale. Nikapitisha rola ya kunasa manyoya, na hapo ndipo balaa lilipozidi, kwa sababu rola inavuta, na ukivuta kinyuzi kimoja kinakuja na ndugu zake. Baada ya kama wiki viraka vyeusi vilikuwa na ukungu mweupe. Nikachukua kibano nikakishika kinyuzi kimoja karibu na mshono nikakivuta polepole chini ya taa. Kikaja. Kikaendelea kuja. Hakikukatika. Kilipoisha nikakilaza juu ya kidole changu cha kati kikakizidi urefu, na kilikuwa kinang'aa. Nyuzi za pamba ya kawaida haziendi mbali sana ya sentimita 3, na ukizivuta namna hiyo zinakatika zenyewe. Ndiyo maana pamba hata ikichomoza haikusumbui muda mrefu. Kinyuzi kirefu, king'aavu, kisichokatika? Hiyo ni poliesta, na haihitaji maabara.

Nikamwandikia muuzaji. Kwa adabu, naapa. Nikatuma picha.

"Habari dada, pole. Hiyo husababishwa na sindano."

Sindano ilikuwa mpya, namba 80, nikamwambia.

"Basi ni kitambaa chako, kimefumwa wazi."

Kitambaa kimeshonana sawasawa, nikatuma picha nyingine ya karibu.

"Labda uliuweka juu chini."

Nikamweleza habari ya vishimo na vinundu kama nilivyowaeleza nyinyi, tena nikamuuliza kwa nini pakiti yao haiandiki. Hapo ndipo aliponiandikia maneno haya: "Dada, kwani umeshashona kwilti ngapi mpaka sasa?"

Ngapi! Mimi nimeuliza ujazo umetengenezwa na nini, yeye anataka wasifu wangu wa kazi. Na hata ningekuwa nashona ya kwanza maishani, poliesta ingegeuka pamba? Anayeanza ndiye anayestahili kuambiwa ukweli kuliko wote, kwa sababu yule hawezi kuugundua uongo kwa vidole. Niliisoma ile meseji mara nyingi kuliko inavyostahili. Nikamsomea mume wangu, nikamsomea na jirani. Kisha nikaenda jikoni kutafuta kiberiti.

Kipimo chenyewe ni cha zamani na kila mshonaji anakijua. Shika kishungi kidogo cha ujazo kwa kibano juu ya sahani ya udongo, karibu na maji, madirisha wazi. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini la kijivu linalosambaratika ukiligusa. Poliesta inarudi nyuma ikiukimbia moto kabla haijashika, inayeyuka, inatoa harufu tamutamu ya kikemikali, na ikipoa inaacha kishanga kigumu. Changu kilijikunja, kikatoa moshi mweusi, na kwenye sahani kikabaki kishanga cheusi. Nilikibonyeza kwa kucha, kikagoma. Nikakigonga kwenye sahani, kikalia.

Nikatuma picha ya kishanga. Akanijibu kwamba huo ni ule wavu wa katikati. Na hapa nikubali, hoja yake ina akili: kiwavu ni plastiki, lazima kiyeyuke, hata ujazo wa pamba ya kweli wenye kiwavu utakuachia ugumu fulani. Kwa hiyo nikakaa na kipande kilichobaki nikakichana matabaka taratibu, mpaka nikakiona kiwavu chenyewe, vijisanduku vidogo ukikiweka kwenye mwanga. Nikakitenga kando. Nikachukua kishungi cha juu kabisa, mbali na wavu, nikakipekua chini ya lenzi kuhakikisha hakuna hata kipande chake. Nikachoma. Ikabaki jivu kidogo, na katikati ya jivu, kishanga. Kumbe pamba imo, ila haiko peke yake. Huo ni mseto, na mseto unauzwa kila mahali kwa jina lake halisi, watu wanaununua kwa hiari yao.

Jibu la safari hii: "Tutalifikisha kwa wahusika." Mpaka leo wahusika hawajafikiwa.

Sasa mniruhusu nijichanganye. Kipande kilichobaki nilikiunga na masalia mengine (kingo zikutane tu bila kupandiana, mshono wa zigizaga mpana, na usivute) nikakitia kwenye kwilti nyingine ya rangi ya maziwa. Imetoka nzuri kupita kiasi. Nyepesi, imetuna kidogo kwenye maua, inakauka upesi, na kwa mkono sindano inapenya bila kukushindia. Ndevu kama zipo hazionekani, nyeupe juu ya nyeupe. Kuna jioni nilikuwa nimejifunika nikawaza kuwapa nyota nne. Kama ujazo wa mseto, huu ni miongoni mwa mizuri niliyowahi kuugusa, na ningeununua tena bila kuulizauliza.

Kisha nikawaza vishika sufuria. Watu wanashonea vishika sufuria ujazo huuhuu, na wengine wanashona vile vibakuli vya kitambaa vya kuingiza chakula kwenye maikrowevu, na hivyo vyote, ujazo hata uzi, lazima viwe pamba peke yake, maana poliesta kwenye joto lile inayeyuka na inaweza kuungua. Mtu ataiamini lebo. Ataisoma "pamba tupu" aende zake. Nikaona nyota nne ni matusi, nikazifuta.

Kwa aliyeshaununua na kushonea kitu cheusi: usivute kinyuzi hata kimoja, na rola iweke mbali. Kata kwa mkasi mdogo sambamba na kitambaa, au kirudishe ndani kwa ncha ya sindano. Fua ikiwa imegeuzwa, maji baridi, na usiikaushe kwa mashine, msuguano ndio unaozitoa. Na kabla ya kuutumia ujazo wowote unaodaiwa ni pamba, choma kishungi. Hii ya mdogo wangu naikata ndevu kila nikipata nafasi. Harusi imeshapita, yeye anasema haoni chochote. Anaona. Ni mpole tu.

Nyota mbili, basi. Moja ni ya ule ulaini, siwezi kuukana. Ya pili niliiweka nikitumaini wangebadilisha lebo, na nimechungulia ukurasa wao sasa hivi: bado imeandikwa pamba tupu, na yule mwanamke bado anatabasamu. Nyota moja.