Kipima oksijeni cha kidole: uzoefu wangu katika kituo cha kisiwani, Pemba

Nazungumzia kile kidude cha kubana kidoleni, kinachotoa asilimia ya oksijeni kwenye damu pamoja na mapigo ya moyo. Nilikinunua kwa pesa zangu mjini Unguja, hakikufika elfu hamsini. Mimi ni muuguzi kwenye kisiwa kidogo upande wa Mkoani. Mgonjwa akizidiwa tunamvusha kwa boti hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, na siku za bamvua maji yakitoka, boti inakaa juu ya mchanga mpaka yajae tena. Mtungi wa oksijeni hatuna. Kwa hiyo mtoto mwenye kichomi akiletwa, la kuamua ni moja: avuke sasa hivi, au apewe dawa arudi kesho?

Zamani nilitegemea macho na saa tu. Nahesabu pumzi dakika nzima: wa miezi miwili hadi kumi na moja zikifika 50, wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano zikifika 40, hiyo nimonia. Natazama pia kama kifua kinabonyea akivuta pumzi. Hayo nayafanya mpaka leo, na muuzaji akikwambia kipimo kinakupunguzia kazi hiyo, anatafuta pesa yako. Ila wapo wanaohema mbio na oksijeni iko 97, na wapo waliotulia kwa sababu wamechoka. Ukimbana kidole unakuta 86. Ikishuka chini ya 90 sina mjadala, naandika rufaa.

Faida ambayo sikuitarajia ni kwa wazazi. Baba mmoja alikuwa ameng'ang'ania, "Dokta, si tungoje kukuche?" Nikambana yeye kwanza, ikaja 98. Kisha mwanawe, 85. "Baba, unaona mwenyewe." Akatoka kwenda kumwamsha nahodha.

Kero sasa, na ya kwanza ni hina. Bibi harusi, mzazi aliyetoka arubaini, wageni wa sikukuu, wote kucha zimekolea mpaka nyeusi. Kipimo kinapitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho kutoka upande mmoja wa kidole hadi wa pili. Kucha nyeusi inauzuia, namba inakosekana au inatoka ya ajabu. Mimi nakigeuza kibane ubavuni mwa kidole. Mikono ya baridi isugueni kwanza, na msipime juani. Halafu shika mshipa wa mkono uhesabu: mapigo yako yasipolingana na ya kwenye kioo, hata oksijeni iliyoandikwa usiiamini.

Kwa mtoto mdogo kinapwaya. Naweka kidole gumba cha mguu, anyonye atulie, nasubiri namba ikae. Kichanga hapana kabisa. Yeye anataka kipimo cha kufungwa mguuni, nacho ni ghali.

Jambo zito zaidi: mama aliyevuja damu nyingi anaweza kusoma 99 naye yuko hatarini. Kipimo kinakwambia damu iliyobaki imebeba oksijeni kwa kiasi gani, hakikwambii imebaki damu kiasi gani. Tazama viganja na ndani ya kope. Tena utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwenye ngozi nyeusi vipimo hivi mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi. Ndiyo maana 91 au 92 kwa mtoto anayekoroma na kugoma kunyonya hainilazi usingizi, naye namvusha.

Betri ni mbili ndogo, zinadumu vizuri, lakini zitoe ukimaliza kazi. Hewa ya chumvi imeshanilia springi moja, sasa naibana kwa karatasi ya sigara.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Mwenye kituo kama changu anunue, na akipata cha saizi ya watoto achukue hicho kwanza.