Seva ya Intaneti: Ulipie Mfumo Endeshi au Uchukue wa Bure?

Wengi wanaotafuta mfumo endeshi wa seva huanza kwa kuuliza bei ya leseni. Mimi ningeanza na tarehe. Kila toleo lina siku ambayo waliolitengeneza wataacha kulipelekea viraka vya usalama, na siku hiyo ikifika tovuti, hifadhidata na barua pepe za watu bado zimo ndani. Kuhamisha vyote hivyo kwa haraka ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na haiandikwi kwenye ankara yoyote. Kwa hiyo nimepanga mifumo hii kwa kufuata maswali mawili: itatunzwa mpaka lini, na nani ataisimamia kila siku? Bei inakuja baada ya hapo.

Kasi sikuihesabu. Kwa tovuti ya kawaida, mifumo yote inayotajwa hapa inatosha.

Ya kwanza ni Debian. Ni ya bure, ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na haimilikiwi na kampuni. Hilo la umiliki ndilo linaloipandisha juu, kwa sababu hakuna bodi ya wakurugenzi inayoweza kuamka siku moja na kubadilisha masharti. Toleo jipya hutoka takriban kila baada ya miaka 2. Kila toleo hutunzwa miaka 3, kisha kikosi kingine hulishughulikia kwa miaka 2 zaidi. Muda ukikaribia kwisha, unapanda kwenda toleo linalofuata palepale kwenye seva, bila kusakinisha upya. Ni kazi ya kufanywa kwa uangalifu, lakini imeandikiwa maelekezo mazuri.

Wanaoilaumu husema programu zake ni za zamani. Ni kweli kwamba namba za matoleo hubaki nyuma, ila tundu la usalama likigunduliwa, wasimamizi wa Debian huchukua kiraka na kukitia kwenye toleo lilelile la zamani. Programu inabaki na tabia uliyoizoea, na tundu limezibwa. Ndiyo maana zana za ukaguzi zinazotazama namba peke yake hupiga kelele bure kwenye seva za Debian. Kabla ya kuhangaika, soma taarifa za usalama za Debian zenyewe.

Ya pili ni Ubuntu Server, lakini yale matoleo ya LTS tu (yaani ya utunzaji wa muda mrefu), yanayotoka Aprili ya kila mwaka unaogawanyika kwa 2. Hutunzwa miaka 5. Matoleo ya katikati huishi miezi 9, na sioni sababu ya kuyaweka kwenye seva. Ukijiunga na Ubuntu Pro, huduma yake ya usajili, muda unafika miaka 10, na mtu binafsi anaruhusiwa kuitumia bure kwenye mashine zisizozidi 5. Kwa anayeanza, hapa ndipo pa kuingilia: maelekezo ni mengi, na karibu kila anayekodisha seva anayo tayari. Ikiwa msimamizi wako ni mgeni kwenye kazi hii, geuza mpangilio wangu na uiweke kwanza.

Nafasi ya tatu nimewapa AlmaLinux na Rocky Linux kwa pamoja, na historia yao ni somo kwa kila mnunuzi. Kwa miaka mingi watu walitumia CentOS, nakala ya bure ya Red Hat Enterprise Linux, mfumo wa kulipia wa kampuni ya Red Hat. CentOS 8 ilipotoka mwaka 2019, ilitarajiwa kutunzwa hadi 2029. Desemba 2020 mradi wa CentOS, uliokuwa chini ya kampuni ya Red Hat, ukatangaza kwamba itakoma mwishoni mwa 2021. Waliokuwa wamehamia karibuni wakijua wana takriban miaka 10 mbele yao wakabaki na mwaka mmoja. Kitu cha bure kikiwa mikononi mwa kampuni, ahadi yake hudumu kadiri kampuni inavyopenda. AlmaLinux na Rocky zilizaliwa mwaka 2021 kuziba pengo hilo, nazo zinafuata miaka 10 ya utunzaji kama Red Hat yenyewe. Zinafaa sana kwa seva unayotaka kuisakinisha mara moja na kuiacha ifanye kazi. Angalizo la vifaa: toleo la 10 la familia hii linadai prosesa mpya zaidi. AlmaLinux pekee ndiyo iliyotayarisha nakala ya pembeni kwa prosesa za zamani.

Ya nne ni Red Hat Enterprise Linux, ya kulipia. Programu zenyewe ni karibu zilezile za nafasi ya tatu, kwa hiyo unalipia huduma: fundi wa kumpigia simu, na uthibitisho wa watengenezaji wa programu kubwa za biashara. Hapo pesa ina maana. SAP HANA, hifadhidata ya biashara ya kampuni ya SAP, kwa mfano, hupata msaada rasmi juu ya Red Hat au SUSE (Linux nyingine ya kulipia), na ukiiweka penginepo utajitegemea siku ya matatizo. Kama huna programu ya namna hiyo, ada hiyo mlipe msimamizi mzuri.

Ya tano ni FreeBSD. Ni ya bure na si Linux, yaani haitumii kiini kile kinachotumiwa na mifumo yote iliyotajwa juu. Mfumo wa mafaili wa ZFS umo ndani yake, na Netflix huitumia kwenye seva zake za kusambazia video. Naiheshimu mno. Imeshuka hadi hapa kwa sababu moja tu: wasimamizi wanaoifahamu ni wachache, na akiondoka uliyenaye, kumpata mwingine si rahisi.

Ya mwisho ni Windows Server. Leseni yake huhesabiwa kwa viini vya prosesa, na hata seva ndogo hulipiwa viini visivyopungua 16. Wafanyakazi wanaoingia kwenye seva hiyo kwa akaunti zao kwa kawaida huhitaji leseni za ziada, na hizo ndizo husahaulika kwenye bajeti. Inunue kama ofisi yako inaishi ndani ya Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kompyuta za ofisi, au kama programu yako iliandikwa kwa .NET Framework ya zamani, jukwaa la Microsoft la kuundia programu. Nje ya hapo, uliza kwanza: .NET mpya inafanya kazi kwenye Linux tangu 2016, na SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, tangu 2017.

Kabla ya kulipa, au kuanza kazi rasmi, weka mfumo uliouchagua kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigwa ndani ya kompyuta nyingine. Rudisha humo nakala rudufu ya data yako, kisha mwachie msimamizi wako apandishe toleo moja mbele bila kusaidiwa. Akikwama, fikiria upya mfumo huo sasa, kabla hujawa na wateja.