Galaxy A15 na Spark 20, simu ya bodaboda

Simu yangu inakaa kwenye usukani wa pikipiki, juani kutwa nzima. Hapo Samsung Galaxy A15 haina mpinzani: kioo chake ni Super AMOLED, aina inayong'aa sana, ramani naisoma saa saba mchana bila kukinga kwa kiganja. Tecno Spark 20 ina kioo cha LCD, aina ya kawaida, cha 720p, yaani nukta chache za picha. Kivulini safi, juani unakodoa macho. Ila sauti jamani! Spark ina spika mbili, mteja akipiga naisikia hata katikati ya kelele za Kariakoo. A15 ina moja tu. Betri zote 5000 mAh, hamna ugomvi. A15 inapokea chaji ya wati 25, Spark 18, lakini boksi la Samsung halina kichwa cha chaja, kwa hiyo tenga hela yake kabisa. Nimebaki na A15. Spark kaichukua mama watoto, anataka taarabu akiwa anapika.