Ukienda kununua fimbo ya mputa, beba pamba

Fimbo yangu ya bluu ya kuvulia samaki niliinunua kwa shilingi 280,000 pamoja na rili yake, kile chombo cha kukunjia uzi, katika duka moja la Kampala. Ilikuwa inang'aa kama gari la bwana harusi. Siku ya tatu tulitoka Kasenyi alfajiri, ziwa limetulia, na kabla jua halijachomoza vizuri mputa (sangara) akamvamia samaki wangu wa bandia. Fimbo ikapinda, breki ya rili ikalia, kisha kimya. Uzi umekatika. Haukukatikia kwenye fundo, ulikatikia katikati, na ncha yake ilikuwa imechambuka kama utambi wa taa. Nikaulaumu uzi. Nikanunua mwingine wa bei zaidi, na wiki iliyofuata ukakatika vilevile.

Mzee mwenye mashua alikuwa ananitazama tu. Mwishowe akaniuliza, "Mwanangu, humo mkobani huna pamba?" Ninayo, ya kufutia vipodozi. Akanyofoa kipande, akakisokota, akakipitisha kwenye pete ya nchani mwa fimbo, ile inayopitisha uzi, na kukizungusha polepole, kama mtu anayesafisha sikio la mtoto. Alipokitoa, nyuzi nne nyeupe zilikuwa zimebaki zimenasa upande wa chini. Nikasogeza jicho. Kwenye kauri ya ndani kulikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, na huo ndio uliokuwa ukila uzi wangu.

Wiki hii nimepokea ujumbe wa watu watatu, mmoja wa Mukono na wawili wa Jinja, wote na kilio kilekile: uzi unakatika, tununue upi? Nawajibu wote hapa. Uzi wenu huenda hauna kosa lolote. Angalieni pete.

Urefu, rangi, mpini wa koki ya vizibo au wa sponji, hayo sitayagusa. Muuzaji atakueleza hayo yote mpaka uchoke. Pete hatazitaja.

Pete nyingi zimetengenezwa kwa vipande viwili: fremu ya chuma, na ndani yake duara la kauri ngumu ambamo uzi hupita. Kauri ni nzuri kwa sababu haichimbiki upesi na uzi, lakini haipendi kugongwa. Sasa fikiria safari ya fimbo hapa kwetu. Inasafiri kwa meli ndani ya kontena, inatupwa stoo, inasimamishwa dukani pembeni ya mlango, halafu wewe unaibeba kwenye boda boda huku ncha inapigapiga mabodi ya matatu. Duara likipata ufa, au likichomoka kabisa na kuacha chuma kitupu, hutaliona kwa haraka. Uzi wa kusuka nao ni nyuzinyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Kila unaporusha na kuvuta, ule ufa unakata mmoja, kesho mwingine. Siku samaki mkubwa anapokuja unavuta na nusu ya nguvu uliyolipia.

Kwa hiyo dukani fanya hivi, tena bila haya. Pitisha pamba kwenye kila pete, hasa ya nchani na ile kubwa iliyo karibu na rili. Bonyeza kauri kwa ukucha uone kama inacheza. Halafu inua fimbo, funga jicho moja, uitazame kuanzia kwenye mpini: pete zote zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja. Mwisho zihesabu. Fimbo ya futi 7 iwe na pete 8 hivi ukijumlisha ya nchani. Zikiwa 5, uzi utagusa mwili wa fimbo inapopinda, na hapo hata pete za dhahabu hazikusaidii.

Muuzaji akikukataza kutumia pamba, amekwisha kukujibu.

Tuje kwenye fimbo zenyewe. Namba moja kwangu ni Ugly Stik GX2, na sifichi kwamba naipendelea. Pete zake ni chuma cha pua kipande kimoja, hazina duara la kauri ndani, kwa hiyo hakuna cha kupasuka wala kuchomoka. Jina la Ugly Stik liko sokoni tangu 1976, na mwili wa GX2 umechanganya grafiti na nyuzi za kioo, ndiyo maana unaweza kuupinda mpaka ukaogopa na usivunjike. Ni nzito, ndiyo. Ukirusha kutwa nzima bega litakukumbusha. Rafiki yangu mmoja anaiita mchi wa kutwangia karanga. Lakini yangu imekwisha kukanyagwa mashuani, imeangukiwa na jeneta, imelala chini ya gunia la mihogo, na pamba bado inapita bila kunasa. Chukua ya vipande viwili, maana ya kipande kimoja hakuna basi litakalokupokea nayo bila kelele.

Namba mbili ni fimbo yoyote ya Shimano au Daiwa yenye pete za Fuji za Japani. Kauri ya Fuji ni kauri kweli, na zile za daraja la juu, zenye herufi SiC, ni laini ajabu na zinapoza haraka joto la uzi unaokimbia. Fimbo hizi ni nyepesi, zinasikia hata samaki akigusa tu chambo. Kama una gari lako na mfuko mgumu wa kuihifadhia, huenda ukaipenda kuliko yangu. Mimi napanda boda.

Zile za kuchomoa kama antena ya redio, acha. Na seti za 60,000 zilizo ndani ya plastiki, na rili na uzi na ndoana na chura wa mpira, mnunulie mtoto akavue ngege (perege) bwawani.

Neno kuhusu bass, samaki wanayempenda sana wavuvi wa Marekani, kwa sababu wengi mmetazama video za Wamarekani na mnataka fimbo kama zile. Si kosa, ila jueni mnalinganisha nini na nini. Bass mkubwa aliyeingia kwenye rekodi alivuliwa Georgia mwaka 1932, na mwingine wa uzito kama huo akapatikana Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Kila mmoja alikuwa na kilo 10 hivi. Mputa wa rekodi kwa fimbo alitoka Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, kilo 104. Hata hivyo mputa tunaowapata kutoka Entebbe au Masese wengi ni wa kilo 3, 5, wakizidi sana 10, na fimbo ya bass ya futi 7 iliyo ngumu kiasi inawaweza bila shida. Ukienda chini ya maporomoko ya Murchison, ambako Nile inajipenyeza kwenye mwanya wa mita 7 hivi, usiende na fimbo ya bass. Huko azima fimbo nzito, lipia kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na usimpe mamba mgongo.

Rili. Hapa pia nina chaguo langu: Penn Battle, saizi ya 4000 au 5000. Mwili ni chuma, breki yake ina sahani za nyuzi za kaboni ambazo hazishtuki samaki anapokimbia, na gurudumu la uzi lina ukanda wa mpira ili uzi wa kusuka usiteleze. Jambo hili la kuteleza linawatesa watu bila wao kujua. Unavuta, rili inazunguka, samaki haji, unadhani breki imekufa, kumbe uzi wote unazunguka juu ya gurudumu kama kanga isiyofungwa vizuri kiunoni. Kama rili yako haina mpira huo, anza na mita chache za nailoni chini, kisha unganisha uzi wa kusuka juu yake.

Na ile pamba usiitupe bado. Kwenye mkono wa waya wa rili kuna kigurudumu kidogo ambacho uzi unapinda juu yake. Kipitishie pamba pia, halafu kisukume kwa kidole. Kisipozunguka, uzi utajisokota hata ungekuwa wa bei gani. Rili za kukaa juu ya fimbo, zile za mabingwa wa bass, mimi sizishauri kwa anayeanza. Upepo wa ziwani ukikukuta umerusha vibaya, utashinda asubuhi nzima unachambua uzi kama anayesuka nywele za mtoto anayelia.

Uzi ni mfupi wa maelezo. Chukua wa kusuka, PowerPro wa nguvu ya pauni 30 kwa ziwani au 50 kama kuna mawe, na mbele yake funga mita moja au moja na nusu ya nailoni nene ya pauni 60. Mdomo wa mputa hauna meno ya kukata, una ukali wa msasa, na msasa huo unamaliza uzi mwembamba kwa kusugua. Ziwa Albert ni habari nyingine. Kule kuna samaki aitwaye ngassa, mwenye meno yanayochomoza nje, weka waya wa chuma. Ukiwa dukani soma unene ulioandikwa kwenye boksi: PowerPro wa pauni 30 una milimita 0.28. Ukiona uzi wa kusuka ulioandikwa pauni 30 na ni mnene kama kamba ya viatu, aliyeandika hakupima.

Sasa niseme lililoniuma. Nilirudi kwenye duka lile na fimbo ya bluu mkononi, na pamba. Kijana akaniambia, "Nnyabo (bibie), hii ni original ya Japani, umeigonga wewe." Nikamwomba nijaribu nyingine tano za aina hiyohiyo zilizosimama pale. Mbili zikanasa pamba, na hazijawahi kutoka nje ya mlango. Akacheka, akasema wateja wengine hawalalamiki. Bila shaka hawalalamiki, wanaulaumu uzi, kisha wanarudi kununua uzi kwake! Na uzi wenyewe, nailoni yote, ameutundika kwenye kioo cha mbele unakochomwa na jua la saa saba kila siku. Jua linaumaliza nailoni. Ukinunua hapo chagua boksi la ndani kabisa ya rafu, si lile lililopauka rangi.

Bei nazo ni vituko. Kitu kilekile wiki mbili mfululizo, nimetajiwa bei tatu: moja nilipokwenda mwenyewe, moja alipokwenda kaka yangu, na moja rafiki yetu Mzungu alipopiga simu. Ukiuliza unaambiwa dola imepanda, ushuru, VAT asilimia 18. Sawa, lakini VAT haijui kama mteja ni mwanamke.

Kama tayari umenunua fimbo na pete ya nchani ina ufa, usiitupe. Pete hiyo imegundishwa tu. Ipashe moto kidogo kwa kiberiti cha gesi, bila kuunguza fimbo, ivute kwa koleo, kisha gundisha mpya ya saizi hiyohiyo kwa gundi inayoyeyuka kwa moto. Pete za katikati zimefungwa kwa uzi na kupakwa vanishi, hizo mpelekee fundi mwenye subira. Ya bluu nilibadilisha pete mara moja, ya pili ikapasuka tena, nikachoka. Sasa iko kwa mtoto wa dada yangu huko Jinja, anaangushia maembe.