Eberron: pa kubomoa na pa kuacha

Eberron: Rising from the Last War, kitabu cha ulimwengu wa kubuni uitwao Eberron, kilitolewa na Wizards of the Coast mwaka 2019 kwa toleo la tano la mchezo wa kuigiza wahusika mezani, Dungeons & Dragons, kurasa 320. Anayekisoma kama ensaiklopidia atachoka. Anayekisoma kama fundi aliyepewa nyumba ya kukarabati atafurahi, maana Keith Baker, mbunifu wa ulimwengu huu, aliacha matundu makusudi. Kazi ni kujua lipi ni tundu na ipi ni nguzo.

Tundu kubwa kuliko yote ni Siku ya Maombolezo. Mwaka 994 wa kalenda ya huko, nchi ya Cyre iliangamia kwa siku moja. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Thronehold ukafunga Vita vya Mwisho, na kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya mchezo, huanza 998. Nani aliiangamiza Cyre? Hakuna kitabu rasmi kinachojibu, na hilo limekusudiwa. Msimamizi wa mchezo aandike jibu lake kwa sentensi moja kabla ya kikao cha kwanza, au aamue kwamba jibu halitapatikana kamwe. Kinachoua kampeni ni kuahirisha uamuzi huku ukidondosha dalili: wachezaji huandika kila kitu, na ukifika kikao cha kumi dalili zimeanza kugombana zenyewe. Tena jibu lina uzito. Amani ya Khorvaire, bara kuu la Eberron, imeshikiliwa na hofu kwamba jambo lile linaweza kurudi. Wahusika wakigundua kwamba haliwezi kurudi, halafu gazeti likachapisha, vita vimeanza upya. Kama huna mpango wa vita, usiweke jibu mahali linapofikika.

Nguzo ni koo zenye alama za joka, familia za kibiashara zenye alama za kichawi mwilini. Wasimamizi wengi hukimbilia kuzifuta kwa sababu majina ni mengi, na hapo ndipo paa linapoporomoka. Kila ukoo umebeba huduma: Orien reli ya radi (treni ya kichawi), Lyrandar merikebu za angani, Jorasco matibabu, Sivis mawasiliano, Kundarak benki, Ghallanda nyumba za wageni. Futa Kundarak, na hazina ya wahusika haina pa kuwekwa. Futa Jorasco, na kasisi wa kundi ndiye hospitali pekee ya mji. Usifute, nyamazisha. Chagua koo tatu ziwe na watu, siri na ugomvi. Zilizobaki ziwe mabango ya barabarani. Cannith iwe mojawapo, maana viongozi wake walikufa Cyre na sasa imegawanyika pande tatu zinazogombea urithi. Kisa kiko tayari, hujaandika hata mstari.

Reli ya radi huenda maili 30 kwa saa, kama kilomita 48. Haisimami kulala, hivyo mchana mmoja na usiku wake ni zaidi ya kilomita 1,100, na majedwali yako ya kukutana na mazimwi porini hayana kazi tena. Dawa yake imo kitabuni: reli iliyopita Cyre ilikatika, kwa hiyo magharibi na mashariki hazijaunganika. Panga safari ngumu zivuke pengo hilo, na usikubali mtu alijenge upya kirahisi.

Sura ya 3, inayohusu jiji la Sharn, ndiyo bora kuliko zote. Minara yake mirefu na magari yake ya kuruka yanategemea mahali: pale ulimwengu wa Syrania unagusana na huu wa kawaida, na uchawi wa kupaa unapata nguvu. Ukiuhamishia mji huo kwenye ramani yako mwenyewe, hamisha na sababu hiyo. Vinginevyo mchezaji atalipeleka gari la kuruka mbali na mji, nawe huna jibu la kwa nini lianguke. Kwa kuanzia, eneo la Dura ya chini linatosha kwa miezi. Wilaya nyingine ziache hadi wahusika wapande ngazi.

Uchawi wa Eberron umetapakaa lakini haupandi juu. Manuizo ya ngazi ya 1 hadi ya 3 ni huduma za kulipia. Ya 4 na 5 ni adimu. Ukiazima mchawi mkuu kutoka ulimwengu mwingine, swali la kwanza mezani litakuwa mbona hakulimaliza tatizo mwenyewe. Iga namna Jaela Daran alivyoundwa: ni mtoto, anaongoza kanisa la Mwali wa Fedha, na nguvu zake kubwa zimefungwa katika mji wa Flamekeep. Mtu mwenye nguvu afungiwe mahali.

Mchezaji akitaka mhusika wa kabila, yaani aina ya kiumbe, lisilomo kitabuni, usiongeze nchi mpya. Xen'drik, bara la kusini lenye magofu ya majitu, halina ramani ya kuaminika, na lolote linaweza kutoka huko. Ila usiwageuze goblini kuwa nyama ya upanga: wana taifa lao, Darguun, na mazimwi wana Droaam. Ukiwafanya waovu kwa kuzaliwa, siasa za ulimwengu huu zimekwisha.

Meza inayocheza kwa Kiswahili itengeneze orodha ya majina mapema, mistari ishirini inatosha, na wote waifuate. Yanayobeba maana, kama Siku ya Maombolezo, yatafsiriwe. Majina ya nchi na koo yaachwe. Cyre, kwa wanaouliza, husomwa kama "saya".

Kitabu kinapwaya nje ya Khorvaire. Sarlona na Argonnessen zimepewa nafasi ndogo mno kwa mabara yanayotakiwa kutisha. Maadui wa sura ya 4 nao wamejaa kupita kiasi. Chagua kundi moja la mbele, Emerald Claw likifaa zaidi kwa kuanzia, na moja la nyuma ya pazia. Kisa cha mwanzo kilichomo ni kifupi, cha wahusika wa ngazi ya 1 mjini Sharn. Kabla ya kukiendesha, amua kundi lina mfadhili gani kutoka sura ya 1, gazeti au Chuo Kikuu cha Morgrave kwa mfano, ili huyo ndiye awatume. Bila hivyo, kisa kikiisha watakukodolea macho wakiuliza wanaenda wapi.